Adhana ya Alfajiri Mchana Kweupe

Aibu za wenzangu huishia sebuleni kwao. Yangu mimi ilitokea kwenye kipaza sauti, Kariakoo nzima ikaisikia, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe.

Mimi ni muadhini wa msikiti mdogo huku Kariakoo (madrasa nilisoma, shule niliishia darasa la pili, mwalimu alikuwa na bakora nene kuliko mguu wangu, tuyaache hayo). Binti yangu Mwajuma alishaona nauliza jambo moja kila mara, akanibembeleza, "Baba, twende hospitali, wanapima wazee kumbukumbu." Nikamjibu uzee tu huo, haupimwi, nikavaa kofia yangu nikaenda kuadhini adhuhuri.

Nikaadhini vizuri, kwa mbwembwe, halafu katikati nikatia yale maneno ya alfajiri, kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Jua la utosini, watu wana marobota kichwani, mimi nawaamsha! Muuza mashati wa pale mlangoni akapaza sauti, "Mzee Shomari, nani kalala saa hizi? Au wewe?" Vicheko mtaa mzima. Badala ya kunyamaza nikajitia ujanja, nikasema kwenye kipaza sauti kilekile, "Makusudi! Mmelala madukani, msikitini hamji!" Kisha nikaanza upya kuonyesha kwamba adhana naijua, na wallahi nikayarudia yaleyale.

Safari hii hakucheka mtu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Imamu akazima kipaza sauti taratibu. "Mzee wangu, leo pumzika." Nikajua ndiyo basi tena, kazi yangu imekwisha, nikampigia Mwajuma mwenyewe.

Hospitali, daktari (binti mdogo, kaniamkia shikamoo yake safi) akaniambia nichore saa, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Mimi, niliyezeeka naangalia saa ya ukutani msikitini, mishale sikujua niiweke wapi. Akasema vipimo vingine bado, ila yaelekea ni mwanzo wa ugonjwa wa kusahau, wenyewe wanauita Alzaima. Siyo uzee tu, wala sijarogwa. "Hauponi, babu, lakini umewahi, yapo mengi ya kukusaidia."

Kipaza sauti sikunyang'anywa. Sasa kabla ya kukiwasha nauliza mbele ya watu, "Hii ipi?" na yule muuza mashati hunijibu kutoka mlangoni, "Alasiri, mzee wangu!"

Juzi alinisogelea, akaninong'oneza, "Mzee, ile hospitali iko wapi? Mama siku hizi ananiita jina la marehemu baba."

Uzee tu, sitalisema tena neno hilo. Nikamwambia, "Mpeleke kesho. Asingoje kipaza sauti kimseme."