Picha Iliyokosa Mwenzake

Asubuhi ile katika uwanja wa ndege wa Sumbawanga tulikuwapo hawa: Kapteni, rubani wetu, mtu wa pwani aliyeuogopa ubaridi wa Ufipa kuliko mawingu; Bwana Mpima, mkuu wa kikosi cha kupiga picha za ramani kutoka angani, aliyefunga tai hata porini; mpiga picha wao; Mzee Kasiano, fundi wa ndege; mimi, Filberta; na nyuma ya uzio wa waya, wadogo zangu wawili, Desideri na Koleta, ambao siku hiyo hawakuwa na mtu mwingine wa kubaki naye nyumbani. Nawataja wote kwa sababu waliobaki sasa ni sisi watatu wa tumbo moja.

Sikwenda uwanjani kupanda ndege. Bwana Mpima alikuwa amenichukua kutoka studio ya picha pale Majengo, ambako nilifanya kazi tangu nilipoacha shule baada ya kufiwa na wazazi, ili nimsafishie filamu katika chumba cha giza. Lakini Sumbawanga iko juu. Hewa ya juu ni nyepesi, mabawa hayapati pa kushika, na ndege ile ya injini moja ilikataa kubeba mafuta ya kutosha, kamera, na yule mpiga picha waliyekuja naye, bwana mwenye mwili wake. Mzee Kasiano akaleta mizani ya kupimia mahindi, akaitundika, akaanza kututazama mmoja mmoja.

"Wewe binti, njoo uning'inie hapa."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekula nini leo?"

"Uji wa ulezi."

"Basi hata na uji wake hafiki nusu gunia," akamwambia Bwana Mpima. "Mpandishe huyu. Yule mwingine abaki alinde mapipa."

Bwana Mpima hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Unaweza kukaa bila kushangaa?" Nikasema naweza. Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya anga, na sikutoka mpaka nywele zilipokuwa nyeupe.

Vijana wa leo mnarusha kidege kisicho na mtu mkiwa mmesimama hapa mjini, Mazwi, na picha inaingia kwenye simu. Kwetu kamera ilikuwa kubwa kama ndoo, imefungwa juu ya tundu lililokatwa sakafuni, ikitazama chini moja kwa moja. Rubani alishika mstari ulionyooka, mimi nikapiga magoti kwenye blanketi na kubonyeza kila ardhi iliposogea kiasi fulani. Sharti lilikuwa kila picha imfunike mwenzake zaidi ya nusu, kama mabati ya paa yanavyopandiana. Sababu ilikuwa mezani. Tulikuwa na chombo kinachoitwa stirioskopu, sisi tukikiita miwani ya meza: vioo viwili juu ya miguu minne. Ukiweka picha moja chini ya kioo cha kushoto na mwenzake chini ya kioo cha kulia, ukatulia, nchi inasimama. Milima ya Mbizi inainuka kwenye karatasi. Matuta ya mviringo tunayoyaita ntumba yanaonekana kama maandazi kwenye sinia. Picha moja peke yake inabaki bapa.

Msimu wetu ulikuwa mfupi, kuanzia mvua inapokoma hadi watu wanapoanza kuchoma nyasi, maana moshi ukishatanda juu ya Ufipa hakuna kamera inayoona kitu. Tuliondoka ukungu unapopanda, tukarudi kabla mawingu hayajajikusanya. Tulipiga maporomoko ya Kalambo, tukapiga Ziwa Tanganyika pale milima inapoingia majini bila hata kuacha ufuko. Kisha tukageukia upande wa pili, Ziwa Rukwa.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo langu.

Kati ya Ziwa Rukwa na ule ukuta wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa pana ukanda mwembamba wa tambarare. Baba alituhamishia huko akalime mpunga. Homa ikamchukua yeye, kabla ya mavuno ikamchukua na mama. Walizikwa pamoja chini ya mkwaju uliosimama peke yake. Mjomba akaja kutuchukua, tukapanda ule ukuta kwa miguu, Desideri akiwa ameshika sketi yangu na Koleta mgongoni. Koleta alikuwa bado ananyonya. Hakubakiwa na sura ya mama wala ya mahali pale, na picha ya wazazi wetu haikuwahi kupigwa. Alipopata akili aliniuliza, "Dada, mama yupo wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono upande wa bonde. Mtoto akatazama, akaona mlima.

Siku moja nilimwingiza ofisini, nikamwekea Mbizi kwenye miwani ya meza. Alinyoosha kidole taratibu, akagusa hewa juu ya karatasi akitafuta kilele.

"Umesimama," akasema. "Sasa niwekee kwa mama."

Nikamwahidi.

Sikujua nilichoahidi. Mistari yetu ilitoka ziwani kuelekea ukutani, na kabla ya ukuta ilikuwa lazima ndege ipinde. Ndege ikipinda inalala ubavu, na picha iliyopigwa hivyo haipimiki, kwa hiyo sheria ilikuwa kwamba kwenye kona kamera inapumzika. Mkwaju ulikuwa kwenye kona. Kila mstari nilipita juu ya wazazi wangu mikono ikiwa magotini, nikiwatazama kwa dirisha. Na kila wiki ukingo mweusi wa maji ulikuwa umeusogelea mkwaju kidogo, kwa kuwa mvua za mwaka ule zilikuwa zimelijaza ziwa.

Sikuomba. Filamu haikuwa yangu, na Bwana Mpima alikuwa na msemo wake: "Filamu si sadaka." Ni Kapteni aliyeanza.

"Bibie, kila tukipinda huku unachungulia chini kama mtu aliyedondosha pete. Kuna nini?"

"Nyumbani."

"Nyumbani si kule mjini, Katandala?"

"Baba na mama wako pale, Kapteni. Chini ya mti ule."

Kapteni alichungulia mti ule. Alivuta koti lake, akapandisha ndege kurudi. Kesho yake, tulipofika mahali pa kupinda, hakupinda.

"Kidole chako kikae hapo hapo," akasema. "Leo mstari unaendelea kidogo."

Ukuta ulikuwa unakuja mbele yetu, mkubwa, na mabonde yake yakiwa bado na giza. Mkwaju ukaingia kwenye kioo cha kulengea. Nikabonyeza. Nikawa nasubiri ardhi isogee nibonyeze ya pili, ndipo upepo ule unaoporomoka kutoka juu ya Lyamba ulipotupiga. Ndege ikashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Kichwa changu kikagonga chuma. Kapteni akapinda kwa nguvu kuelekea ziwani, mpaka maji yakawa chini yetu.

"Imepatikana?" akauliza.

"Moja."

"Moja haisimami."

"Haisimami."

"Nyingine nadaiwa mimi," akasema. "Leo mafuta hayaturuhusu kurudia, na roho yangu pia."

Nilisafisha filamu ile mwenyewe. Bwana Mpima akaikagua kwenye meza ya mwanga, akifuata mistari kwa ncha ya penseli, akafika pale akasimama.

"Hii ni ya mstari upi?"

Kapteni akasema, "Ni yangu. Nilichelewa kupinda."

Bwana Mpima alimtazama, akanitazama mimi na uvimbe wangu wa paji la uso. Nadhani Mzee Kasiano alikuwa ameshamnong'oneza habari za mkwaju. Akalegeza tai, jambo ambalo sikuliona tena.

"Picha isiyo na mwenzake haipimwi," akasema. "Ofisini haina kazi. Ichapishe vizuri kwenye karatasi, uichukue."

Jioni ile Koleta aliiweka chini ya kioo cha kushoto. Alitazama muda mrefu. Mkwaju ulionekana kama punje ya pilipili manga yenye kivuli chake.

"Dada, mbona haisimami?"

"Inamsubiri mwenzake."

"Anakuja lini?"

"Kapteni anamleta."

Mawingu yakatunyima siku zilizobaki, kisha moshi ukafunga msimu. Mvua zilizofuata zikawa kubwa kuliko zile za kwanza. Msimu uliofuata, tuliporudi juu ya Rukwa, Kapteni alinyoosha mstari bila kuambiwa, nami nikaweka jicho kwenye kioo. Niliona maji tu, ya rangi ya chai ya maziwa, yamefika mpaka miguuni pa ukuta. Nilitafuta hata ncha ya mti. Kidole changu hakikubonyeza.

"Pole, bibie," akasema Kapteni, akapinda.

Uzioni, Koleta alikuwa akisubiri na Desideri. Nikamwambia maji yamekuja. Desideri, aliyekuwa na mdomo tangu utotoni, akasema, "Baba alilalamika mpunga wake haupati maji. Sasa ameyapata." Tulimkemea, kisha tukacheka wote watatu, kisha hatukucheka.

Baada ya hapo nilihamishwa Mpanda, nikapelekwa Kigoma, nikakaa miaka mingi Dodoma chini ya wakuu wengine, wapole na wakali. Kwa mshahara ule Desideri alisoma, Koleta akasoma zaidi. Kapteni alirudi kwao pwani, akafa kwa ugonjwa, na deni alilojitwika likanirudia. Kamera za filamu ziliondolewa, zikaja za kompyuta, nami nikajifunza upya katikati ya watoto wa umri wa wanangu. Siku ya kustaafu ofisi iliniuliza nataka nini cha ukumbusho. Nikaomba miwani ya meza iliyokuwa stoo, imefunikwa vumbi. Walinishangaa, wakanipa.

Kazi ya anga inakufundisha kwamba mahali hapajulikani kwa kutazamwa mara moja kutoka upande mmoja. Ilinifundisha pia kwamba nchi haingoji. Sasa ziwa limerudi nyuma, wavuvi wanasema, na tambarare imetoka, nyeupe kwa chumvi. Desideri alishuka kwenda kuangalia. Hakukuta mkwaju wala kisiki, na hata kama ningepanda leo, picha ya leo haiwezi kuungana na ile. Mbili zinazosimama hupigwa pamoja, kivuli kimoja, pumzi moja.

Koleta ni bibi sasa. Kila baada ya misa ya Jumapili anapita kwangu Katandala, ananiamkia, anavua viatu, anakwenda moja kwa moja mezani. Anaiweka picha upande wa kushoto, anainama, anatulia kama nilivyomfundisha. Upande wa kulia ni mbao tupu. Hajawahi kuniuliza tena habari za mwenzake. Akimaliza anafuta vioo kwa pindo la kitenge, anavifunika.

Bado nadaiwa upande wa kulia.