Kufuli la Kinamasi

Kutoka kibandani kando ya lango, anapokaangia mandazi, Roseline humwona bawabu wa kinamasi cha Sindo kila asubuhi akilifuta kufuli kwa leso, akilitia mafuta, kisha akilivuta kuhakikisha limeshika. Mamba alipomuua mgeni aliyekuja kutazama ndege, amri ilitoka: asipite mtu wala ng'ombe hadi uzio ujengwe ukingoni mwa maji. Uzio wenyewe umebaki midomoni mwa wakubwa. Bawabu hamfokei mtu. Huvua kofia, akaikumbatia kifuani, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa pole matangani, "Si mimi, ndugu yangu. Ni usalama wenu."

Jana alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Suna, darubini shingoni, miguu imemvimba kwa safari. Hakubishana. Alishika tu waya wa lango, akauliza, "Na korongo je, bado wapo?" Bawabu alitazama viatu vyake mwenyewe. "Wapo, mwalimu. Tena wamezaana." Mama wa watu akatabasamu, akashukuru, akaenda zake. Roseline aliinamia karai lake. Anajua, kama bawabu ajuavyo, kwamba ng'ombe walipofukuzwa nyasi zilirefuka zikampita mtu, na korongo, ambao hupenda nyasi fupi, walihama wote mwaka jana. "Ningemwambia nini, dada?" bawabu aliuliza bila kugeuka. Roseline aligeuza mandazi. Bawabu akavaa kofia yake, akalivuta tena kufuli, akasikiliza kama limeshika.