Jina la Baba Mkwe

Saa mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya kijiji chetu cha Kinyala, nilisikia harufu ya utomvu wa migomba. Kwa mtoto wa Rungwe hiyo ni harufu ya chakula, kwa kuwa mgomba hukatwa ukishazaa. Asubuhi ile harufu ilikuwa nzito mno. Nilipotoka nje niliona migomba michanga imelazwa mstari kwa mstari, maji yake yakichuruzika kwenye udongo mweusi. Katikati alisimama baba mdogo Asegelile, mtoto wa mdogo wake babu, panga mkononi na vijana wake nyuma. Mkono wa pili alishika nakala ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo, ulioandikwa misheni enzi za Waingereza.

Dai lake lilikuwa fupi. Shamba liliachwa na mzee Mwakajila, babu yao yeye na Baba, lakini kitabuni Baba aliandikwa Mwasubila, jina la ukoo aliozaliwa Bibi. Kwetu, mtoto mwenye jina la ujombani husemwa kuwa ng'ombe wa mahari ya mama yake hawakutolewa, na hana urithi kwa baba. "Toka, mtoto wa ujombani!" alimwambia Baba. "Nenda Kisiba kwa wajomba zako, ukalime hilo ziwa lao!" Vijana wakacheka. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na majirani walikuwa na majembe yao mabegani, ila hakuna aliyeondoka. Walitazama.

Babu alikuwa amekwisha kufa, hivyo Asegelile akamgeukia Bibi. "Mama mkubwa, wewe ndiye uliyempeleka kubatizwa. Kama huyu ni wa ukoo wetu, mtaje baba mkwe wako mbele ya watu hawa, sisi tuondoke." Bibi akajifunika kanga usoni. Mwanamke wa Kinyakyusa wa umri wake hakutamka jina la baba mkwe, hata kama mzee yuko kaburini, na Asegelile alilijua hilo vizuri. "Sema, juba," Baba alimsihi mama yake. Bibi akatikisa kichwa. "Mnaona? Hana la kusema!" Asegelile alisema. Panga likashuka. Baba aliinua mkono kujikinga, na vidole vyake vikaangukia jani la mgomba. Kwa kitambo kifupi havikuwa na damu. Pigo la pili lilimpata begani. Hapo Bibi akapiga ukelele, "Mwakajila! Mwakajila!", akilitoa jina kama mtu anayetapika, akajitupa juu ya mwanawe. Vijana wakarudi nyuma kwa kuogopa mwiko. Asegelile hakurudi. "Mmemsikia?" aliwauliza majirani. "Anayethubutu kumtaja mkwewe, atashindwa kudanganya?" Maneno hayo hayo ndiyo yaliyotushinda baadaye, kesi ya shamba ilipofika barazani. Tulihama tukimbeba Baba kwenye machela, na Bibi hakufika mavuno yaliyofuata.

Nilipokuwa mtu mzima niliomba kukisoma kitabu chenyewe, kutafuta watu wote wa nyumba ya Mwakajila. Nilikisoma ukurasa kwa ukurasa nikilinganisha. Watoto walioletwa na baba zao wana majina ya baba zao. Wengi walioletwa na mama peke yao, waume wakiwa migodini, wana majina ya ujombani. Karani hakuwa mwenyeji. Aliwauliza jina la ukoo, na wao, kwa kuwa jina hilo lilikuwa la baba mkwe, walimpa la baba zao wenyewe. Aliandika haramu mahali palipokuwa na heshima. Matokeo hayo nilimpelekea mtoto mkubwa wa Asegelile, ambaye siku hizi analima chai pale palipokuwa na migomba yetu. Alisoma yote bila haraka. "Pole, kaka," alisema. "Lakini miche imeshashika."

Leo naishi Bulyaga na mwanangu. Mkewe ni mwalimu kutoka Singida, binti mwema, na kila asubuhi huniita kutoka jikoni: "Mzee Mwakajila, chai inapoa!" Vidole vyangu hujikunja vyenyewe. Navinyoosha kwanza, ndipo namjibu, "Nakuja, mwanangu."