Dripu ya Siku ya Mazishi

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita mume wangu Kioko alizikwa, na mimi mke wake sikuwepo. Nasimulia kwa ajili ya walio wodini sasa, na kwa wanaowauguza.

Sisi ni Wakamba, wakulima wa upande wa Matuu. Tulikuwa na miembe, mahindi kidogo, na binti mmoja, Nduku. Siku ya ajali tulikuwa tukirudi kutoka sokoni kwa pikipiki yetu. Lori likatugonga kwa nyuma. Kioko alifia pale pale. Mimi mfupa wa mguu wa kulia ulitoboa ngozi ukatokeza nje.

Hospitalini Machakos waliunga mfupa kwa chuma. Baada ya siku chache mguu ulivimba, ukawa wa moto, kidonda kikatoa usaha. Nikila nilikuwa nageuza uso nisisikie harufu yangu mwenyewe. Homa ilinitetemesha mpaka kitanda kikawa kinalia. Walinidunga dawa moja, wakabadilisha, homa ikabaki. Wakapeleka usaha maabara.

Daktari akaja kuniambia, "Mama, viini hivi ni sugu. Dawa za kawaida haziviwezi. Tutajaribu vankomaisini. Ikishindwa, tutaukata mguu tusije tukakupoteza."

Sikulia. Machozi yalikuwa yameisha kwa Kioko.

Sista aliyenihudumia aliniambia dawa hiyo lazima iingie polepole kwa dripu, isipungue saa moja. Alipima mkojo wangu, akatoa damu kuangalia figo, akauliza kama masikio yanavuma. Kila mara aliupapasa mkono penye sindano. "Ikichoma niite. Usijikaze hapa kama Mkamba."

Kwetu mjane hutupa udongo kaburini kabla ya majembe kuanza kufukia. Nilimlilia daktari, akakubali shingo upande niende mazishini nirudi jioni, mradi dawa ya asubuhi iishe kwanza.

Mwende, dada yake Kioko, ndiye alikuja kunichukua. Gari lilikuwa langoni, na simu yake haikunyamaza.

"Mama Nduku, wazee wanauliza tuko wapi. Na hii dripu yenu inatembea kama kinyonga!"

"Sista amesema isiguswe."

"Si ni maji tu? Yakikimbia yatajikwaa wapi?"

Akazungusha kile kigurudumu cha kwenye mpira wa dripu, matone yakaanza kukimbia. Nilimwona. Nilitaka sana kwenda, nikanyamaza.

Kwanza kichwa kiliwasha kama nimemwagiwa upupu. Kisha shingo na uso vikawaka moto, vikavimba mabaka. Kifua kikabana. Nikaona dari linasogea mbali. Mwende akapiga mayowe.

Sista alifunga dripu, akainua miguu ya kitanda, akaita daktari. "Presha imeanguka! Nani amegusa hii?"

"Ni mimi, sista. Gari linangoja."

"Leo mngebeba maiti mbili!"

Nilipoanza kupumua vizuri, daktari alisema siendi popote. Simu ikalia tena. Walikuwa wanauliza kama wangoje. Mwende akamnyooshea sista simu. Sista akaichukua akajibu, "Zikeni."

Jumapili nilikataa dawa. Niliwaambia waniache nimfuate mume wangu. Daktari alinieleza kwamba dawa haikunikataa, ni haraka iliyoniumiza. Sikumsikia. Sista akavuta kiti.

"Nduku amezika baba jana. Unataka wiki ijayo azike nani?"

Nikanyoosha mkono. Alinipa kwanza dawa ya kuzuia mwasho, akafungua dripu pole kuliko mwanzo, akakaa hapo akiangalia matone na uso wangu mpaka chupa ikaisha.

Homa ilichukua muda mrefu kushuka. Usaha ukakauka. Figo zilibaki salama, lakini sikio la kushoto linavuma hadi leo. Mguu ninao. Namshukuru Mungu na yule sista. Wewe unayemuuguza mtu, dripu ikienda polepole usidhani amesahauliwa. Uliza, lakini usiiguse. Nawe mgonjwa, useme mapema unapojisikia vibaya.

Nilirudi nyumbani kwa magongo. Mwende hakuwa amenitazama usoni tangu siku ile. Alinisindikiza kaburini, akanishika kiuno nikainama. Nikachota udongo, nikautupa.

"Basi, mama Nduku," akasema. "Utaanguka."

"Nishike vizuri," nikamwambia, nikachota mwingine.