Fito Tupu Nyuma ya Jiko

Pudensiana alipoolewa Mishamo, ndugu zake wa Shanwe, Mpanda mjini, walimcheka. Wengi walimcheka kwa pembeni, lakini dada yake mkubwa, Scolastica, alisema wazi kabisa, tena jikoni kwa mama yao: "Yaani umekosa mwanamume Mpanda nzima mpaka ukaolewe kambini, ukale majani?" Kambi yenyewe ya wakimbizi haikuwepo tena. Watu wa Mishamo walikuwa raia siku nyingi, na Libérat, mume mwenyewe, alizaliwa palepale, alikuwa na mashamba ya mahindi na pikipiki ya kuyabebea. Lakini neno likishatoka halirudi. Lile la Scolastica lilimkaa Pudensiana rohoni miaka tisa, na kila ndugu wa mjini alipopiga hodi, kitu cha kwanza Pudensiana alichotazama ni chungu chake kina nini.

Waliishi boma moja na mama mkwe wake, Bibi Joséline. Mume wa Bibi, mzee Pontien, alikuwa amefariki zamani. Bibi alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, binti wa miaka kumi na minne, na usiku wa kukimbia mama yake alimfungia viganja viwili vya maharage kwenye pindo la kitenge. Mama hakufika. Maharage yalifika. Familia zilipoletwa Mishamo kufyeka pori, Joséline akayapanda, na tangu hapo hapakupita msimu wa mvua asiyapande, kwanza nyuma ya kibanda cha nyasi, baadaye nyuma ya jiko la tofali.

Yalikuwa maharage mekundu yaliyokoza, yana kidoa cheupe kwenye jicho, na yalikuwa ya kutambaa: yakisimikiwa fito yanapanda mpaka juu ya kichwa cha mtu. Nyumbani walikula majani yake, walikula mabichi, walikula makavu. Ila mbegu haikuguswa. Bibi aliichagua punje kwa punje, akaichanganya na majivu kwenye kibuyu, akakining'iniza kwenye boriti juu ya mafiga ili moshi uwafukuze wadudu. Wiki ya kwanza ya ndoa alimwonyesha Pudensiana kibuyu kile kwa kidole. "Mukazana," alisema, kwani ndivyo kwao wanavyomwita mke wa mtoto, "hiki hakishuki mpaka mvua."

Basi ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, jua kali, ardhi imepasuka, kila mtu anatazama mawingu yanayokuja na kuondoka. Maharage ya kula yalikuwa yameisha, maana Libérat aliuza mengi apate kuezeka bati. Ndani kulikuwa na unga wa muhogo, dagaa wachache, na sombe, yaani kisamvu, ambacho hakikosekani Mishamo. Asubuhi simu ikalia.

"Tuko njiani," Scolastica alisema. "Mimi na shemeji yako Kelvin. Kuna harusi kijiji cha mbele huko, tutapita kwenu jioni tule, tulale, kesho tuendelee. Usihangaike, tutakula chochote."

Pudensiana alisimama katikati ya jiko na simu mkononi. Libérat alikuwa shambani. Bibi Joséline alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa, asingerudi mpaka jioni. Duka la karibu halikuwa na maharage wiki ile. Angeweza kutwanga sombe, akaliunga kwa karanga, likawa chakula cha heshima kabisa. Yeye mwenyewe alilipenda. Lakini alisikia masikioni mwake "ukale majani", akamwona dada yake akifunua bakuli na kumtupia jicho Kelvin. Akavuta kigoda, akapanda, akakishusha kibuyu.

Alijiambia atachukua bakuli moja. Bakuli moja likaonekana dogo kwa watu watano na watoto, akachukua la pili. Kilichobaki ndani ya kibuyu kilikuwa kama kiganja kimoja. Akayasuuza majivu kwa maji mara tatu, akabandika. Yalichelewa kuiva kwa sababu ya moshi wa miezi, lakini yalipolainika alikaanga kitunguu na nyanya kwenye mawese, akamiminia, na harufu ikajaa uani mpaka mtoto wake Lucia akaacha kufagia na kuja kuchungulia.

Wageni walikula na kuongeza. Kelvin alisema hajawahi kula maharage ya namna ile mjini. Bibi Joséline alifika watu wameshaanza, akanawa, akaketi kwenye mkeka, akamega tonge, akachovya. Alitafuna. Kisha akaacha kutafuna, muda mfupi tu, kama mtu aliyeuma jiwe. Pudensiana alimwona. Lakini Bibi aliendelea, akamaliza sahani, akaifuta kwa tonge la mwisho.

"Mama, mkamwana wako anajua kupika," Scolastica alisema.

"Anajua," Bibi alijibu. Akawatakia wageni usiku mwema, akaenda kulala kabla ya chai.

Siku ya gulio Pudensiana aliamka mapema akaenda kununua maharage mekundu. Hayakuwa na kidoa cheupe, lakini Bibi alikuwa na ukungu machoni, alitambua watu kwa sauti na mwendo zaidi ya sura. Pudensiana akayachanganya na kile kiganja kilichobaki, akatia majivu mapya, akarudisha kibuyu juu ya moshi. Alipomaliza alinawa mikono, akanawa tena. Alijiambia kwamba maharage ni maharage.

Mvua ikashuka katikati ya Novemba. Pudensiana na Bibi walilima kitalu cha nyuma ya jiko kama kila mwaka: pembeni mchicha na maboga, katikati matuta ya maharage. Pudensiana alichimba vishimo, Bibi akafuata nyuma akiinama na kibuyu, anadondosha punje tatutatu na kufukia kwa kidole cha mguu. Kwenye tuta la tatu alisimama. Alishika punje moja akaizungusha kati ya vidole viwili kwa muda.

"Mukazana, mbegu zote ndizo hizi?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya," Bibi alisema, akaidondosha.

Libérat alikata fito arobaini bondeni, akazisimika. Maharage yakaota vizuri, majani mapana, na wiki ya nne Pudensiana akaanza kuelewa alichokifanya. Maharage ya gulioni yalikuwa mafupi. Yalifika magotini yakasimama, yakaanza kutoa maua chini kwa chini. Hakuna hata moja lililotoa kamba ya kushika fito. Kila asubuhi alifungua mlango wa jiko akazikuta fito zimesimama tupu, nyeupe, mstari kwa mstari, na kutoka njia ya kisimani zinaonekana zote. Mashina kumi na moja tu yalikuwa yakipanda, moja hapa, jingine kule, bila mpango. Ndiyo yale ya kiganja kilichobaki. Bibi alikuwa akipita kila alfajiri anapapasa fito moja moja kwa mkono, na Pudensiana alikaa ndani mpaka amalize.

Wapita njia hawakunyamaza. Jirani yao Specioza, mwanamke mwema mwenye sauti kubwa, alisimama siku moja na ndoo kichwani. "Mama Libérat, mwaka huu maharage yako yamegoma?"

"Yamechoka kupanda, kama mimi," Bibi alijibu, wakacheka wote wawili.

Pudensiana alikuwa jikoni anatwanga sombe. Aliendelea kutwanga ingawa lilikuwa limeshalainika, ili mchi ufunike maneno.

Baada ya Krismasi Libérat alikagua kitalu, akarudi uani amekunja uso. Hakuwa mtu mkali. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya.

"Mama, macho yako hayaoni tena. Umechanganya mbegu bila kujua, zile za mama yako zimepotea. Mwakani bustani aishike Mama Lucia. Wewe upumzike."

Pudensiana alikuwa ameshika mwiko, anasonga ugali. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake, na kila mtu mle uani alikuwa umbali wa hatua tatu. Aligeuza ugali. Akaugeuza tena.

"Sawa, mwanangu," Bibi alisema.

Siku nne zilipita hivyo. Bibi hakwenda tena bustanini alfajiri. Alikaa ukutani, mikono mapajani, mikono ambayo Pudensiana hakuwahi kuiona haina kazi. Libérat aliwaambia watoto wamsaidie bibi yao, na watoto wakatii kwa bidii ya watoto: wakimwekea mkono kwenye sahani, wakimwambia "ugali huu hapa, Bibi, mboga hii hapa." Naye ni mama aliyekuwa akienda kanisani peke yake. Pudensiana alishindwa kula mbele yake, akawa anakula akiwa amesimama jikoni, kama mwizi wa chakula chake mwenyewe. Usingizi haukumkataa, kilichomtesa ni kuamka, maana kila akifumbua macho jambo lilikuwa palepale.

Siku ya nne Lucia alimshika Bibi mkono akampeleka chooni. Bibi alikuwa anaiona njia ile, aliijua miaka zaidi ya arobaini. Hata hivyo alimwachia mtoto mkono wake na kufuata polepole, kichwa ameinamisha. Pudensiana alitazama migongo yao miwili.

Bibi aliporudi na kuketi, Pudensiana alikwenda akapiga magoti mbele yake. Libérat alikuwa pembeni anapachika mpini wa jembe.

"Mama, mbegu nilizipika mimi," alisema. "Siku ile alipokuja dada yangu. Zile ulizopanda nilinunua gulioni. Macho yako hayana kosa."

Libérat aliacha jembe. Alimtazama mke wake, akamtazama mama yake, kisha akainuka akatoka nje ya boma, na jembe likabaki limelala na mpini nusu.

"Nilijua," Bibi alisema. "Nilijua nikiwa natafuna."

Pudensiana aliinua uso.

"Yale nayajua hata yakiwa uji. Ningesema nini mbele ya ndugu zako? Wangeondoka wanakuona mwizi, mimi wananiona mchoyo. Nikanyamaza. Kesho yake nikangoja uniambie. Siku ya kupanda nikakuuliza kwa mdomo wangu."

"Nilikuwa naogopa, Mama. Niliona aibu kuwapa sombe."

Bibi hakuwa na hasira, na Pudensiana angefurahi kama angekuwa nayo.

"Kula mbegu si ajabu, mukazana. Nimewaona watu wakila mbegu njiani, wakilia huku wanakula. Walikuwa na njaa. Wewe hukuwa na njaa."

Pudensiana aliinuka, akaliokota jembe la mumewe, akaliegemeza ukutani.

Libérat alirudi jioni. Alikwenda kwanza kwa mama yake, akaketi chini karibu na miguu yake, wakazungumza Kirundi kwa sauti ndogo. Wiki mbili alikula chakula cha mke wake bila kukisifu wala kukilaumu. Hakumpiga, hakumrudisha kwao, hata hakumsema kwa watu. Bustani ilirudi kwa Bibi asubuhi iliyofuata siku ile ya kukiri, na watoto wakaambiwa bibi yenu anajua njia.

Yale mashina kumi na moja yaliachwa yakauke kwenye fito. Hakuna aliyechuma hata jani lake. Bibi aliyapukuchua mwenyewe kwenye ungo, akayapapasa moja moja, akapata bakuli lisilojaa. Pudensiana alikuwa ameshaosha kibuyu na kupepeta majivu. Bibi alipita karibu na kibuyu kile, akaita kutoka uani:

"Specioza! Njoo unitunzie mbegu zangu huko kwako."

Specioza alikuja, akapokea bakuli, akamtazama Pudensiana. Yule mwanamke mwenye maswali mengi kuliko watu wote wa mtaa hakuuliza hata moja. Pudensiana alielewa kwamba Specioza ameshajua, au atajua kabla jua halijazama.

Msimu wa mvua uliofuata, mvua ya kwanza ilipotulia, Bibi alimwambia, "Nenda kachukue mbegu." Si kwamba alikosa mtoto wa kumtuma. Pudensiana alijifunga kitenge, akapita njia ya kisimani, akapiga hodi kwa Specioza, akasalimia watu wote waliokuwa uani, wanawake watatu wanaochambua mchicha, na akasema alichotumwa mbele yao.

"Nimetumwa mbegu za Mama."

Akapewa, akashukuru kwa mikono miwili. Walipanda siku ileile, yeye akichimba, Bibi akidondosha, na fito zikajaa zaidi ya nusu. Baada ya mavuno, mbegu zikarudi kwa Specioza, bakuli tatu sasa, na mwaka uliofuata pia. Bibi humsemesha Pudensiana vizuri, humwachia ufunguo wa nyumba, na mwezi wa Machi alipougua hakutaka uji wa mtu mwingine. Mbegu tu ndizo bado hajamrudishia. Pudensiana hajaziomba. Mvua ikinyesha hungoja atumwe, halafu huchukua bakuli lake na kwenda.