Adapta Aliyoniomba Mama

Nichekeni tu. Mimi mwenyewe nimejaribu kujicheka, nikaishia kulia.

Nauza chaji na adapta pale Tunduma, jirani na mpaka. Simu na waya zisizoingiliana kabisa, mimi nazipatanisha. Mwezi uliopita mama alifariki kijijini kwetu, Iyula. Kwenye mazishi nikasimama na suti yangu, nikatangaza kwenye kipaza sauti, "Mama alikuwa ananitumia nyimbo zake za kwaya kila wiki. Leo tuusikie wimbo wake wa mwisho."

Simu yangu haina tundu la waya wa spika. Nikatoa adapta mfukoni kwa madaha, nikachomeka, watu wakaitikia kwa vichwa. Ukweli ni kwamba sikuwahi kusikiliza hata wimbo mmoja. Nilikuwa najibu tu, narudi kwa wateja. Dada yangu Neema akanishikia simu, nikabonyeza sauti ya mwisho aliyonitumia mama.

Haukuwa wimbo.

"Mwanangu, ile simu uliyoniletea haikubali chaji yangu ya zamani. Leo nimeazima ya jirani. Naomba unitumie kaadapta kamoja, ili nikizidiwa usiku niweze kumpigia Neema."

Spika zilisikika mpaka barabarani. Neema, ambaye ndiye aliyemkuta mama asubuhi ameshapoa, aliinamia simu akaliona jibu langu chini ya ile sauti. Kipaza sauti kilikuwa mbele yake alipolisoma:

"Amina, mama. Wimbo mzuri sana."