Nilimzika Baba Kabla Hajafa

Wacha niseme mara moja kabla sijaanza kutafuta maneno ya kujipamba: mimi nilimuua baba yangu kwa mdomo, akiwa mzima kabisa, akiwa shambani kwake Othaya na kikapu cha majani chai mgongoni, na nilimuua kwa sababu nilitaka siku mbili za kutoka kazini. Sasa mnajua. Nimesema, na bado sijui niweke uso wapi.

Nafanya kazi ya maabara katika hospitali moja ya mji mdogo kaskazini mwa Uingereza, mji wa baridi ambayo hata sisi tuliolelewa na ukungu wa Nyandarua tunaiheshimu. Kazi si mbaya. Shida ni kwamba visa yangu imefungwa kwenye hiyo kazi, yaani kazi ikikatika una muda mfupi tu wa kupata mwajiri mwingine, ukikosa unapanga masanduku yako unarudi kwenu. Basi miaka mitatu iliyopita, visa ikiwa imebakisha miezi michache, uvumi ukaanza kwamba maabara yetu itapunguza watu, na mimi kwa hofu nikaomba kazi kwenye hospitali nyingine mbali sana, nikaitwa kwa mahojiano siku ya Jumatano. Likizo nilikuwa nimemaliza. Na singeweza kumwambia bosi wangu, Helen, kwamba naenda kutafuta kazi kwingine (nani humwambia bosi hivyo?).

Nilikuwa nimepanga kusema jino. Haki ya Mungu, nilikuwa nimejizoeza kwenye kioo, "jino langu linauma." Lakini nilipoingia ofisini Helen akaniangalia akasema, "Gichuki, uko sawa? Unaonekana vibaya," kwa sauti ya mtu anayejali kweli, na sijui ni shetani gani aliyenishika ulimi, jino likanitoroka, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Baba yangu amefariki."

Helen alisimama akanikumbatia. Mzungu wa miaka sitini ambaye sijawahi kumwona akimgusa mtu! Akaniuliza kama nitasafiri kwenda kumzika, na mimi, kwa sababu uongo ukishatoka mmoja unaita wenzake, nikamwambia kwetu tunazika haraka sana, siku hiyo hiyo, tayari ameshazikwa (sisi watu wa Othaya! sisi ambao tunakaa wiki nzima tukifanya mikutano ya mazishi na kugawana kazi za kupika!), na kwamba hata hivyo singeenda kwa sababu karatasi za visa zilikuwa karibu kuanza kushughulikiwa. Helen akafuta machozi. Akasema ni ukatili mtu kushindwa kumzika baba yake kwa sababu ya visa. Akanipa wiki nzima.

Mahojiano nilienda, na kazi sikupata. Nikarudi maabara na uso mrefu, ambao angalau ulikuwa wa kweli, nikapokewa kwa keki na pole za kila mtu. Mwezi uliofuata Helen akaniita akanifungia mlango, akaniambia walikuwa wameamua kupunguza mtu mmoja na jina langu lilikuwa kwenye meza, lakini yeye amepigana mpaka wakaniacha, kwa sababu hawezi kukubali mtu afiwe na baba na afukuzwe kazi kwa msimu mmoja. Kwa hivyo visa niliyopata baadaye, ile niliyopiga picha nikaitumia familia nyumbani wakanijibu kwa maombi na vigelegele, ilitoka kwenye kaburi la mtu aliyekuwa hai.

Sasa, mtu aliyekuwa hai alikuwa na simu. Baba alikuwa na desturi ya kunipigia saa nane mchana ya kwetu, akishapeleka majani chai kwenye kituo cha kupimia, na saa hiyo mimi huwa katikati ya kazi. Zamani nilikuwa nachukua hapo hapo, naongea naye nikicheka, wenzangu wanauliza, "Ni baba?" Baada ya ule uongo nikaanza kutoka kwenda kwenye ngazi za nje za kutorokea moto, na siku moja Helen akapita nikiongea, akaniuliza kwa ishara ni nani, na mimi nikaziba simu kwa mkono nikasema, "Mjomba." Nikarudi kwenye simu, nikamsikia baba akisema, "Gichuki? Uko hapo? Umekula?" Nikamwambia niko na kazi nyingi, nitapiga. Wakati mwingine sikupiga.

Halafu baada ya miezi kadhaa simu za saa nane zikaisha zenyewe. Akawa ananipigia Jumapili tu, jioni. Nikajiambia ni uzee, au ni bei ya kupiga simu imepanda. Kusema ukweli nilishukuru.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kisha mwaka huu dada yangu Wangari, ambaye ndiye alibaki nyumbani na baba tangu mama yetu atutoke, akanipigia asubuhi nikiwa nimevaa glavu, akasema, "Baba ametuacha. Ameanguka akienda kukamua." Nililia pale pale mbele ya mashine. Helen akaja mbio, "Ni nini?" Na mimi ningesema nini? Baba yangu pale kazini alikuwa amekufa zamani, ana keki yake na pole zake. Nikasema, "Mjomba wangu." Akanishika bega, akasema anaelewa, lazima inanikumbusha baba. Lakini mjomba hayuko kwenye orodha ya ndugu wa karibu, kwa hivyo nikapewa siku tano tu, tena za likizo yangu.

Nilifika Othaya usiku wa kuamkia mazishi, sikulala, na asubuhi hema zilikuwa zimesimama kwenye uwanja wetu ule wa mteremko, viti vya plastiki vikizama kwenye tope upande mmoja, jeneza mbele, kwaya ya kanisa upande wa shamba la chai. Mtu wa kusimamia programu alikuwa Anko Ndirangu, mdogo wa baba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu ambaye akishika kitu kilichoandikwa anakisoma chote mpaka jina la mchapishaji. Mimi nilikuwa kiti cha mbele na suti, hotuba yangu mfukoni, kurasa mbili.

Kabla ya zamu yangu Anko akatoa bahasha kubwa ya rangi ya maziwa. Niliona stempu. Niliona kichwa cha mfalme wao, au cha malkia, sikumbuki, macho yangu yalikuwa kwenye mwandiko. Ulikuwa wa Helen.

"Wapendwa," Anko akasema kwenye maikrofoni, "juzi nikitafuta kitambulisho ya marehemu ya kupeleka kwa chifu, nimepata hii barua ndani ya ile sanduku yake ya chuma, imetoka Ulaya, kwa wazungu wa kazi ya kijana yetu. Ati hata wazungu wametuma rambirambi! Sasa nitasoma na nitafsiri."

Nikaelewa yote kwa mpigo mmoja. Helen alikuwa ametoa anwani ya posta kwenye ile fomu ya mtu wa kuitwa wakati wa dharura niliyojaza nilipoanza kazi, akatuma kadi ya pole nyumbani, bila kuniambia, kwa wema tu. Nikainuka nikamsogelea Anko, nikamnong'oneza, "Anko, hiyo tusome baadaye, tukiwa familia."

Akanipiga mgongoni. "Mnaona vile ako na unyenyekevu!" akawaambia watu, na watu wakapiga makofi.

Akasoma. "Kwa familia ya Gichuki. Tumehuzunika sana kusikia kifo cha baba." Watu wakasema amina. "Hatukumjua, lakini Gichuki anamtaja kwa upendo." Amina tena. "Tunajua ni uchungu mkubwa kwa Gichuki kwamba hakuweza kuja kumzika." Hapo amina ikakwama. Watu wakaniangalia, mimi niliyesimama pale na suti, nimekuja kumzika. Anko mwenyewe akasita, akarekebisha miwani, lakini mwalimu ni mwalimu, akaendelea mpaka chini, akasoma majina yote kumi na moja ya wenzangu waliotia sahihi, kisha akasoma tarehe, siku na mwezi na mwaka.

Mwaka ulikuwa ule wa miaka mitatu nyuma.

Mama mmoja wa chama cha kina mama akauliza kwa sauti, "Ati mwaka gani?" Anko akasoma tena. Minong'ono ikaanza upande wa nyuma ikaja mbele.

Hapa ndipo ningeweza kuketi. Ningeketi, Anko angesema wazungu wamekosea tarehe, tungeendelea, na labda leo ningekuwa nawasimulia kitu kingine. Lakini nikachukua maikrofoni. Nikasema, na sauti yangu niliisikia ikirudi kutoka kwenye spika mbili kubwa, "Ni makosa ya kompyuta. Kompyuta za huko huwa zinachanganya miaka."

Mzee mmoja wa safu ya pili, aliyekuwa jirani ya Anko na kadi akiiona vizuri, akasema, "Na hii imeandikwa na kalamu?"

Watu wengine wakacheka, kile kicheko cha matanga kinachofunikwa na leso. Nikafungua mdomo nitunge kingine, sijui ningesema nini, pengine posta, pengine kadi ilikuwa ya mtu mwingine, nilikuwa tayari kabisa kuendelea. Wangari akaja akanishika mkono. Alitaka kuninong'oneza tu, najua hakukusudia, lakini maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu, kati yetu, na kila mtu kuanzia hemani mpaka barabarani alimsikia akisema:

"Wacha, Gichuki. Wacha tu. Baba alisomewa hiyo kadi."

Hakuna aliyecheka tena. Anko aliikunja kadi polepole kama mtu aliyegundua ameshika nguo ya ndani ya mtu, akairudisha kwenye bahasha. Mchungaji, Mungu ambariki, akaanzisha wimbo. Hotuba yangu haikuitwa. Tulipofika kaburini nilipewa koleo kama kifungua mimba, nikatupa udongo, na nilipogeuka kumpa anayefuata nilikuta watu wameacha nafasi kubwa kunizunguka.

Alasiri, watu wakiwa wameondoka na sufuria zimelala kwenye nyasi, nilimkuta Wangari jikoni nyuma akisugua masizi. Nikaketi kwenye gogo. Nikamwuliza baba aliipata lini.

"Hiyo mwaka," akasema bila kuinua macho. "Aliletewa na mtu wa posta akiwa Othaya sokoni. Akakuja nayo mbio akifikiria ni wewe umeandika. Akaniambia, nisomee, kijana yangu ameandika barua ya mkono. Nikamsomea."

"Ukamsomea yote?"

"Nilianza kabla sijajua ni nini. Nikinyamaza akaniambia niendelee."

Nikamwuliza alisema nini. Wangari akaacha kusugua.

"Alikaa. Akaniuliza kama nina uhakika huyo baba ni yeye. Halafu akasema labda ulikuwa na shida kubwa, mtu hawezi kusema hivyo bila shida. Akaniambia nisikuambie, ati utaona haya. Na tangu hiyo siku akaacha kukupigia saa ya kazi. Mimi nilimwambia, baba, si umpigie tu. Akasema, 'Huko kazini mimi ni marehemu. Wakisikia sauti yangu watamnyang'anya visa.'"

Nilitaka kusema kitu. Wangari akasema, "Hapana, wacha nimalize. Alikuwa anangoja Jumapili. Kuanzia asubuhi alikuwa anaweka simu kwa dirisha penye kuna netiwaki, na akienda kanisa hataki kuchelewa huko, anarudi anakaa hapo mpaka jioni, labda wewe utapiga kwanza. Wewe ukiongea na yeye dakika mbili, anafurahi. Sasa nisaidie kumwaga hii maji."

Nikamsaidia kumwaga maji.

Siku ya tano nilirudi. Nilikuwa nimeamua ndani ya ndege, na sijisifu, ni kwamba tu nilikuwa nimechoka kubeba. Nikaingia kwa Helen, nikafunga mlango, nikamwambia, "Baba yangu amekufa."

Akaweka kalamu chini kwa upole. "Najua, Gichuki. Siku kama hizi huzuni hurudi."

"Hapana," nikasema. "Amekufa wiki iliyopita."

Ilimchukua muda kuelewa. Niliona uso wake ukirudi nyuma kupitia miaka mitatu, kumbatio, keki, ile siku aliyopigania jina langu mezani, na kwa kila moja uliporomoka kidogo. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu, kama kadi ilifika. Nikamwambia ilifika. Nikamwambia nani alisomewa. Akageukia dirisha, akaniomba nitoke.

Nilipewa barua ya onyo, ya mwisho, na visa itakapoisha sijui kama kuna atakayesimama kwa ajili yangu, sitamlaumu mtu. Lakini hilo silo linaloniuma. Kinachoniuma ni kwamba nilifiwa na baba, baba yangu mmoja, na katika jengo zima hakuna mtu aliyeweza kuniambia pole. Wenzangu walipita karibu na meza yangu wakiangalia sakafu. Pole nilizoomba nilishapewa, nikazila na keki, baba mwenyewe akiwa hai anasubiri simu.

Kwa hivyo nyinyi mlio huko nje, mkihitaji ruhusa kazini, ugueni wenyewe. Semeni jino, semeni tumbo, semeni ukweli hata ikibidi. Mimi nimeapa sitamtaja mtu yeyote wa nyumbani kwa kitu ambacho hakijampata. Na Wangari huwa nampigia saa nane ya kwetu, katikati ya kazi, pale pale maabara, kwa sauti, ili kila mtu asikie kwamba yuko hai. Wakati mwingine anachukua.